Kivuli Ndani ya Kamba

Shemeji yangu anapiga picha mabomba. Watu wakisikia hivyo humwomba awapigie za harusi, na dada yangu, mkewe, akiulizwa kazi ya mumewe hujibu, "Mambo ya kamera," kisha anabadilisha mazungumzo. Kamera yenyewe ni sanduku zito la chuma lenye kidonge cha mionzi, kidogo kama punje ya mchele. Akitaka kujua kama bomba limechomelewa sawasawa, anabandika filamu upande mmoja, anaelekeza mpira mrefu upande wa pili, anasogea mbali, kisha anazungusha mkono wa mashine. Waya unasukuma kidonge kupitia ndani ya mpira hadi kwenye kiungo. Akizungusha kinyume, kidonge kinarudi sandukuni. Kikiwa nje, hakuna ruhusa ya mtu kusogea karibu, maana mionzi haionekani, hainuki wala haibishi hodi.

Kwa hiyo huzungushia eneo lote kamba ya njano, na ndiyo sababu pale kazini anaitwa Mzee Kamba. Ni mpole, anaogopa hata mbwa wa jirani, na hukunja soksi chafu kabla ya kuzitia kwenye kapu. Ubaya wake ni huruma.

Kiwanda kilikuwa kinajengwa kwenye uwanja mweupe usio na hata kichaka. Msimamizi wetu aliamini kwamba mtu aliyekaa chini ni mwizi. Kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya bomba kubwa, ndani ya kamba ya shemeji, na msimamizi aliogopa mionzi kuliko alivyomwogopa mkewe. Basi shemeji akishamaliza picha na kidonge kimerudi, hupuliza firimbi, na wachomeleaji huingia kujinyoosha. Msimamizi akichungulia, shemeji hupaza sauti, "Mionzi!" Msimamizi hutimua mbio, nao hujibanza kwenye bomba wasionekane, wameziba midomo wasicheke.

Miongoni mwa wachomeleaji hao alikuwa mtoto wa pekee wa shemeji, binti aliyesomea uchomeleaji akatushinda wote kwa ubishi. Shemeji alikuwa anapiga picha kazi ya mtoto wake mwenyewe. Kila filamu iliyotoka safi aliniletea getini niitazame juani, na mimi, nisiyeelewa lolote, nilisifu.

Kipimo cha kuonyesha kama mionzi ipo au haipo kilikuwepo, tena kipya. Kilikaa kwenye kabati la kioo ofisini kwa meneja, karibu na kombe la usalama, kwa sababu kikipelekwa kazini kingeingia vumbi na wakaguzi wangetuona wachafu. Shemeji alikuwa anaomba, anaambiwa kesho. Kwa hiyo alitumia mkono wa mashine: ukigoma kuzunguka, kidonge kimefika nyumbani. Mimi ni mlinzi wa geti, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuongeza namba kwenye ubao ulioandikwa "Siku bila ajali".

Siku moja nilikuwa nimempelekea shemeji maji. Mkono ukagoma kama kawaida, akapuliza firimbi, vijana wakaingia. Binti akaegemeza mgongo kwenye bomba, pale pale mpira ulipopinda, akafumba macho. Shemeji akaenda kufunga sanduku. Kufuli ikakataa, na alama ya kijani inayotokea kidonge kikiwa ndani haikutokea. Kidonge kilikuwa kimekwama kwenye kona ya mpira.

"Mionzi!" alipiga kelele.

Wote wakajibanza kwenye bomba. Msimamizi, aliyekuwa anapita kwa mbali, akatoka mbio hadi kofia ikabaki nyuma.

"Jamani, si utani! Tokeni! Ni mionzi ya kweli!"

"Mzee leo kazidisha maigizo," mmoja akasema, wakaangua kicheko. Binti akajisukuma zaidi kwenye ule mpira. "Baba, keshaondoka?"

Mtu huyu ambaye kila siku hutuhubiria kwamba dawa ya mionzi ni kukaa mbali, aliruka kamba akakimbilia kule kule. Akamkamata binti kola ya ovaroli.

"Mama," akamwambia, kama alivyomwita tangu anazaliwa, "mama yangu, toka. Nakuomba, toka."

Alikuwa analia. Binti hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata msibani. Aliinuka akakimbia, na wenzake wakamfuata bila kuuliza tena.

Wataalamu walikuja na makoleo marefu na mifuko ya madini ya risasi, wakakirudisha kidonge. Hospitali iliwapima damu wote, ikaonekana sawa. "Ila ngozi ikianza kuwasha au kuwa nyekundu," daktari alisema, "mrudi siku hiyo hiyo."

Meneja aliniita. Hakuna aliyetoka damu, akaniambia, hakuna kilichovunjika, hivyo hapakuwa na ajali. Kidonge kilichelewa tu. "Ongeza namba kama kawaida." Nikaongeza. Nilitamani kumvunjia ule ubao kichwani, lakini nikaongeza.

Wiki chache baadaye tukafanyiwa sherehe ya usalama. Uchunguzi ulikuwa umegundua kwamba mtu mmoja tu alitii onyo mara lilipotolewa, naye ni msimamizi. Akapewa cheti, akahutubia kirefu juu ya nidhamu, kofia yake ile ile kichwani. Tulipiga makofi. Shemeji naye alipiga, adabu zake hazimwachi, huku kile kipimo kikining'inia kifuani, kimetolewa kabatini hatimaye.

Binti alikuwa amekaa kati yetu, anajisugua kwenye kiti.

"Baba," akanong'ona, "hebu nikune hapo mgongoni, sifikii. Tangu jana panawasha."

Shemeji akaacha kupiga makofi.