Nilichofanyiwa na mama mkwe juu ya mnara wa Rye

Wakuu, salaam kutoka Hayes, huku England. Hili limenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Wife alijifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake akaja kutoka Iringa kutusaidia. Mama wa watu anapika uji, anaogesha mtoto, anafua. Wiki zinapita hajaona kitu zaidi ya duka la kona na ndege za uwanja wa Heathrow.

Shida, mimi na yeye hatukuwa na stori. Si mnaijua heshima ya mkwe? Nikiingia sebuleni, yeye anahamia jikoni. Mwisho akamwambia wife tiketi isogezwe mbele, arudi nyumbani.

Jumamosi nipo off, wife akasema, "Mpeleke mama akatembee. Mimi na mtoto tutalala."

Nikachagua Rye, kamji kadogo kusini mashariki mwa England. Unapanda treni St Pancras, unabadilisha Ashford.

Mji uko juu ya kilima. Zamani bahari ilikizunguka karibu chote, mji ukawa bandari ya maana kweli. Baadaye tope na mchanga vikajaa, bahari ikarudi nyuma. Leo ukiangalia chini ni tambarare na kondoo tu. Mitaa imetandikwa mawe, nyumba za mbao zimepinda kwa uzee.

Nikamsimulia kwamba Wafaransa waliwahi kuuchoma mji huu wakaondoka na kengele za kanisa, wenyeji wakavuka maji wakazirudisha.

"Kumbe na hawa walichomewa kwao?" Akacheka. Mara ya kwanza namsikia akicheka mbele yangu.

Tukapanda mnara wa kanisa. Ngazi nyembamba, zinapita karibu na kengele zenyewe. Kufika juu nikachungulia chini.

Wakuu, nikagoma kusogea. Sikujua kama naogopa urefu! Nimekumbatia ukuta, jasho linatoka, watalii wanasubiri nipishe.

Mama mkwe, ambaye hata mkono hajawahi kunipa, akaninyooshea wake.

"Shika hapa, mwanangu. Usiangalie chini, niangalie mimi."

Nikashika. Akatangulia, tunashuka pole pole, huku ananisimulia wife alivyokwama juu ya mpera utotoni, analia mpaka majirani wakatoka. Nilijikuta nacheka, na tumeshafika chini.

Tukanywa chai. Tukaongea mpaka Hayes.

Wife akauliza, "Vipi, mmetembea?"

Mama akajibu bila kupepesa macho, "Tumepanda mnara. Mumeo kanishika mkono nisianguke."

Niliingia bafuni, machozi yakanitoka.

Habari ya tiketi imekufa. Sasa nikirudi kazini ananiuliza siku yangu ilikuwaje. Namshukuru Mungu kwa huyu mama.

Nilichojifunza: nilikuwa naita heshima, kumbe nilikuwa namwacha mpweke ndani ya nyumba yangu.

Wenye wakwe, nipeni uzoefu. Na anayejua kamji kengine ka kwenda kwa treni akataje, mama kashaanza kuulizia. Ila kasiwe na mnara.