Pikipiki ya Bwana Murshid

Maskati watu hawalazi pikipiki kwa ajili ya baridi. Huzilaza kwa ajili ya joto. Kila mwaka jua likianza kuwa kali, Bwana Murshid, mstaafu wa wizara na mzaliwa wa Unguja, huifunika yake kwa shuka kuukuu uani kwake, Ansab, na hali ya hewa ikipoa huifunua. Mwaka huu alipoifunua haikuwaka.

Hakuhamaki. Betri ilikuwa imekufa, akanunua nyengine. Tairi zilikuwa zimelala, akazijaza upepo. Akaimwaga petroli ya zamani kwenye sufuria, inanuka kama vanishi. Mkewe, Bi Muhsina, alikuwa kakaa barazani na kahawa yake.

"Sufuria hiyo ya wali," akasema.

"Nnajua."

"Wali wa nazi."

"Ntakununulia nyengine."

Akatia petroli mpya, akasugua plagi, akapiga kiki mpaka dishdasha ikamganda mgongoni. Kimya. Basi akaifungua kabureta, akaenda nayo mezani jikoni, akazibua vitundu vyake kwa unywele mmoja wa brashi ya chuma. Kimoja kilikuwa kimezibwa na uchafu wa kijani ulioganda kama gundi. Aliutazama kitambo, kama mtu aliyeonyeshwa kijiwe kilichotolewa kwenye figo lake.

Alipoirudisha kabureta mahala pake na kupiga kiki tena, pikipiki ilipiga chafya, ikatoa moshi mweupe, ikaunguruma. Jirani akafunga dirisha.

Murshid akaingia ndani kuchukua helmeti. Alipotoka alimkuta mkewe kasimama kando ya pikipiki, kavaa suruali chini ya abaya, na kichwani ana helmeti nyekundu, mpya kabisa.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Nimenunua. Mwaka juzi."

"Mbona hukunambia?"

"Nlikuwa nangoja uniulize kama nataka kwenda."

Miaka yote hiyo Murshid alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe anaiogopa pikipiki.

"Mie nikidhani unaogopa."

"Naogopa," alisema Bi Muhsina. "Panda, kabla haijazimika."

Wakashika njia ya Bustan. Kwenye mlima pikipiki ikakohoa, ikataka kufa, na Bi Muhsina akamkamata mumewe kiunoni kwa nguvu zake zote. Tangu waoane hajawahi kumshika vile mbele za watu. Injini ilipotengemaa, hakumwachia. Murshid akapunguza mwendo, ingawa njia ilikuwa nyeupe.

Jioni mtoto wao Mutasim alipiga simu. Kuna mtu kamwambia kamwona mama yake juu ya pikipiki, na yeye kambishia.

"Bora ungenyamaza," alisema Bi Muhsina. "Njoo Ijumaa na mkeo mle chakula. Lakini mje mapema, sie alasiri tunakwenda Matrah."