Tulivyoposa Ng'ambo ya Barabara

Mpaka leo mtu akiniambia, "Auntie, hebu tuimbie kidogo," natafuta pa kujificha, na kwa kuwa wengi wenu mmeisikia hii habari ikiwa imetiwa chumvi na watu ambao hata hawakuwepo, afadhali niisimulie mwenyewe, aibu yenyewe ni yangu.

Mpwa wangu Kevo alikuwa anaenda kuposa kwa kina Wanja, na mimi, nesi wa Grand Prairie, huku Texas, mwenye mdomo, nikawa msemaji (sikuchaguliwa, nilijichagua). Kina Wanja wamehamia kaunti ya Brazoria, kule karibu na bahari, ambako nyumba zinaota kama uyoga mahali ambapo juzi ng'ombe walikuwa wanakula nyasi. Baba yake Wanja alikuwa ametuonya tufike kabla ya saa saba, ikipita turudi mwaka ujao, na mzee yule akisema amesema. Kevo wiki nzima hakulala.

Tuliondoka alfajiri, watu tisa ndani ya van moja, na saa sita na robo tukaingia mtaa wa nyumba mpya zilizofanana kama mayai. Ramani ya simu ikatuambia tuko katikati ya shamba. Kevo akataka kumpigia Wanja, nikakataa, tangu lini waposaji wakauliza njia ya kwa wakwe? Nikaamuru simu zote zizimwe zibaki garini, kisha nikaona nyumba yenye maputo mlangoni, nikasema ni hapa. (Maputo yalikuwa ya wauza nyumba, mwenyewe alikuwa amehamia juzi. Haya niliyajua baadaye.)

Tukaimba. Mlango haukufunguliwa, nami nikafurahi, maana kwetu mnajua wakwe hawafungui mpaka mwimbe mtoke jasho, na jasho lilitoka kwelikweli, joto la kule lina maji ndani yake, kilemba changu kikawa kitambaa cha kufutia meza. Sauti ya mwanamume ikasema kwa Kizungu kwenye kengele ya mlango kwamba hanunui kitu, twende zetu. Nikawageukia wenzangu.

"Huyo ni kaka yake Wanja. Hawa watoto wa huku hata utani wanafanya kwa Kizungu. Ongezeni sauti."

Nami nikamjibu, kwa Kizungu changu cha wodini, kwamba tumeona ua zuri ndani ya nyumba yake na hatuondoki bila hilo ua.

Halafu mlango ukafunguka kidogo, mkono ukasukuma nje chungu chenye ua jekundu, mlango ukafungwa. Tukapiga vigelegele. Nikawaambia wanatupima akili, tuimbe zaidi, na tukaimba karibu nusu saa hadi Wanja mwenyewe alipovuka barabara mbio, ameshika gauni.

"Auntie, kwetu ni pale. Dad amewaangalia tangu mwanzo, amekataa tuwaite. Na imebaki dakika tano."

Kevo aliniangalia, hakukasirika, macho yalimjaa machozi tu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tukakimbia. Mlango wa kina Wanja nao ulikuwa umefungwa, ndiyo mila, lazima tuimbe. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya lango lenye kutu. Wote tisa tulikuwa tumeimaliza sauti kwa jirani. Ndani tukamsikia baba mtu akiuliza kama hao wageni wamefika au bado.

Ndipo nyuma yetu sauti nyembamba ikaanza kibwagizo chetu, maneno yamevunjikavunjika lakini wimbo ni wenyewe. Ni yule jirani, babu wa Kimarekani mwenye ndara, amekuja kuona ua lake limekwenda wapi, na nusu saa nzima alikuwa akisikiliza. Tukamwitikia kwa kupiga makofi. Mlango ukafunguka, baba Wanja anacheka mpaka anajishika mbavu, akampa mkono babu kwanza.

Posa ilikubaliwa, kwa sharti moja, kwamba siku ya harusi msemaji wa upande wetu awe yule babu. Mimi nitabeba ua. Na siku hizi hata nikienda kwa dada yangu, napiga simu nikiwa mlangoni, namwambia achungulie dirishani anihakikishie ni kwake.