Niliichomoa Diski ya Mwalimu Wangu, Lawama Nikamtupia Neema

Nimekosa. Naanza na neno hilo ili usije ukafika katikati ukanionea huruma. Sikulewa, sikurogwa, hakuna rafiki aliyenishawishi. Nilifanya mwenyewe, mchana kweupe, kwa mikono hii hii ninayoandikia. Najitia kinyaa!

Mimi ni kijana wa Mikumi. Nina kachumba ka biashara kando ya barabara kuu, karibu na yanapoegeshwa malori. Nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti, nawawekea madereva nyimbo na filamu kwenye flashi wasisinzie njiani. Kazi ikipungua nacheza gemu, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Gemu naipenda kuliko chakula!

Kompyuta yangu ilikuwa chakavu. Ukifungua gemu la mpira, mchezaji anakimbia kidogo, anaganda, ukija kushtuka umeshafungwa. Matingo, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wakawa wananicheka. "Fundi kompyuta, kompyuta yake mwenyewe inatembea kwa magongo!" Niliumia kijinga sana kwa maneno yale.

Sasa, nina mwalimu wangu wa shule ya msingi, anaishi Kilosa mjini. Amestaafu. Mpwa wake alifunga ofisi huko Dar, akamtumia kompyuta moja ya mezani iliyokuwa imetumika. Mwalimu akanipigia simu.

"Njoo utuwekee sawa, mwanangu. Mimi nataka ya kuandikia, Neema anataka ya kuchezea. Itutoshe wote wawili."

Neema si jina lake, nimempa tu. Ni binti wa marehemu kaka yake Mwalimu, wakati huo amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri kusoma kozi. Anachapa haraka kunishinda mimi, na anapenda gemu la mbio za magari. Mwalimu, shangazi yake, hakuwa na neno. Alisema bora achezee sebuleni anapomwona.

Na kazi ya Mwalimu ilikuwa hii. Mama yake mzazi alikuwa bado hai, bibi mzee sana aliyejua hadithi na nyimbo za Kisagara ambazo wajukuu hawazijui tena. Mwalimu alikuwa akimrekodi kwa simu, kidogo kidogo, kwa miaka. Alitaka kuzisikiliza taratibu na kuziandika, kila mtoto wa ukoo apate nakala.

Nilipofika nikafungua ubavu wa ile sipiyu. Uchafu! Vumbi limeganda kama blanketi, mende wamekufa humo, mavi ya mijusi mpaka kwenye feni. Neema aliziba pua. Lakini chini ya uchafu ule, jamani! Diski ya kisasa, ile isiyo na mlio. Ramu za kutosha. Na kadi ya gemu, ile ya kuendesha picha, ambayo mimi nilikuwa naiona mtandaoni tu, natamani kama mtoto anayetazama pipi dukani.

Nikarudisha mfuniko.

"Mwalimu, hii inabidi niende nayo Mikumi," nikadanganya. "Ina uchafu mwingi, ikiwashwa hivi itaungua."

"Basi nenda nayo, baba. Nikuogope wewe niliyekufundisha kushika penseli?"

Soma tena maneno hayo. Mimi huwa yananijia nikiwa napiga mswaki, nikiwa nakula, popote.

Nilivyofika nikaisafisha ikang'aa kwa nje kama mpya. Kisha nikachomoa diski, nikachomoa ramu, nikachomoa kadi. Nikapachika vya kwangu. Na diski yangu ilikuwa mgonjwa, ilikuwa inagonga kwa ndani kama mtu anayetafuna mchanga. Fundi yeyote anajua mlio ule maana yake nini. Mimi nilijua!

Nikawarudishia, nikawawekea programu na magemu upya. Mwalimu alifurahi, akanifungia mchele wa Kilosa na jogoo. Nikapokea. Ndiyo, nilipokea!

Neema ndiye aliyeshtuka. "Kaka, mbona gemu linakwama? Siku ilipoletwa niliijaribu, lilikuwa linateleza."

"Wewe ni fundi?" nikamkata. "Ilikuwa inapitiliza uwezo wake. Nimeituliza isiungue."

"Na huu mlio?"

"Mashine zote zina mlio."

"Neema, usimbishie kaka yako," Mwalimu akasema.

Halafu tukahamisha zile rekodi kutoka kwenye simu. Zilipokwisha kuingia, Mwalimu akaniuliza, "Simu yangu imejaa, hata picha siwezi kupokea. Naweza kuzifuta huku? Humo zitakuwa salama?"

Angalia nafasi niliyopewa. Ningeweza kusema, Mwalimu, usifute, weka na kwenye flashi. Flashi ninazo lundo! Lakini ningesema hivyo angeuliza kwa nini, na mimi nilitaka kuondoka haraka nikacheze.

"Salama kabisa, Mwalimu."

Akanipa simu. Nikamfutia mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Masika bibi akafariki. Ukoo ukakusanyika Kilosa, wengine wakashuka kutoka milimani. Mwalimu akataka kabla ya kwenda makaburini watu wamsikie bibi akiimba wimbo aliowabembelezea wote pale. Wakawasha mashine. Kimya.

"Mwanangu, njoo," akaniambia kwenye simu. "Haiwaki, na mama yangu yumo humo."

Nilikwenda. Nilipoiwasha ikagonga mara chache, ikakata. Diski imekufa. Sebule nzima inanitazama, wazee, akina mama, mchungaji, wote. Na mimi, badala ya kufungua kinywa niseme kweli, nikauliza swali ambalo hakuna aliyenituma kuliuliza.

"Nani alikuwa anaitumia sana?"

"Neema," mtu akajibu.

"Anachezea gemu?"

"Kila siku anachezea!"

"Basi ndiyo hiyo. Gemu zimeiua diski."

Baba mdogo wa Neema, mkulima wa Chanzuru, akasimama. "Mimi nilisema! Mtoto wa kike na magari ya kwenye kioo! Umeona sasa? Unamzika bibi yako mara mbili!"

"Baba mdogo, haki ya Mungu, ilikuwa inagonga tangu kaka alivyoileta..."

"Nyamaza!"

Akanitazama mimi. Neema, nasema. Alinitazama kama mtu anayeomba ashikwe mkono asianguke. Nikainama nikajifanya nazungusha nyaya.

Baada ya maziko nikaletewa wali na maharage. Nikala mpaka nikamaliza! Nikaomba na maji ya kunawa.

Neema akapelekwa Chanzuru kwa huyo baba mdogo. Simu akanyang'anywa, habari ya kozi ikafungwa, akapewa jembe. Nilisikia nikasema moyoni, atazoea.

Mimi nikarudi kwenye gemu zangu. Zilikuwa zinateleza! Matingo wakawa wanapiga makofi, wananiita bosi. Lakini raha ikaanza kuoza. Kila nikiwasha, ule ukimya wa diski ya Mwalimu ulinichefua. Mausi niliiona ina utelezi hata nikiifuta. Hata hivyo sikuacha, niwe mkweli. Nilikuwa naona kinyaa na naendelea kucheza, kama mbwa anayerudia matapishi yake.

Mchana mmoja Neema akatokea mlangoni. Amekonda, viatu vimejaa tope, ameshika kitu amekifunga kwenye kipande cha khanga. Nyuma yangu tingo mmoja alikuwa anacheza mpira, akifunga anapiga kelele.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba."

Akafungua khanga. Ilikuwa ile diski yangu mbovu, aliyoichomoa kwenye mashine kabla hajapelekwa Chanzuru.

"Kwanza nimekuja kukuomba msamaha," akasema. "Siku ya msiba nilikubishia mbele za watu, kana kwamba nakusingizia. Nimekaa shambani nikafikiri sana. Wewe ndiye unayejua mashine. Ni mimi kweli nimeipoteza sauti ya bibi. Nimekubali."

Akanisogezea ile diski mezani.

"Lakini nakuomba ujaribu tena, kaka. Sina cha kukupa. Nitakufagilia, nitakuchapia kazi zako, chochote. Hata wimbo mmoja ukipatikana, labda shangazi ataongea na mimi."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Yameisha, usijali."

Nilimsamehe! Mimi! Mwizi nikamsamehe niliyemwibia! Naye akapiga goti kidogo, akasema asante kaka, akaniachia ile diski, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi. Alipopotea nyuma ya malori nikazunguka nyuma ya chumba nikatapika mpaka nikatapika maji.

Kesho yake asubuhi nikawafukuza matingo, nikachomoa kila kitu, nikapanda gari la Kilosa.

Mwalimu alikuwa anachambua mchele uani. Nikaweka vifaa vyote kwenye mkeka mbele yake, diski, ramu, kadi, na ile diski iliyokufa. Nikamwambia kila kitu. Sikuacha hata jogoo.

Hakulia, wala hakunitukana. Hakugusa hata kifaa kimoja. Aliuliza swali moja tu.

"Nilipokuuliza kama zitakuwa salama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mwalimu."

Akaweka ungo chini. "Ukawa unafuta, na unajua."

"Ndiyo."

Akanitazama jinsi unavyotazama kitu ulichokikanyaga bila kujua, kisha akaingia ndani. Nikabaki uani na kuku. Alipotoka alikuwa amevaa viatu na khanga mbili. "Nyanyuka," akasema. "Haya uliyoniambia mimi, utamwambia yeye. Na baba yake mdogo asikie."

Tukaenda Chanzuru. Baba mdogo aliponisikia alinyanyua mkono anizabe, Mwalimu akamzuia. "Usimguse," akamwambia. "Mikono yako utaihitaji kumwomba msamaha mtoto."

Neema alikuwa na jembe bado. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ulikaa pale ukaniacha nikuombe msamaha." Akageuka akaendelea kulima. Mwalimu akamfuata kwenye matuta, nikaona wameshikana, wote wawili wanalia. Mimi nikaondoka kwa miguu mpaka barabarani. Hakuna aliyeniaga.

Mashine nilikwenda kuirudishia vifaa vyake siku nyingine, Mwalimu amesimama mlangoni mwanzo mpaka mwisho, hakunipa hata kigoda. Nilipotoka nilisikia maji yakimwagwa. Anaosha pale nilipokuwa nimepiga magoti.

Diski iliyokufa niliipeleka Morogoro kwa fundi anayefufua diski. Picha chache zilirudi. Sauti hata moja haikurudi.

Habari zilifika Mikumi kabla yangu. Walimu waliokuwa wananiletea mitihani kuchapa hawaji. Madereva wananipa flashi huku wamesimama juu yangu, wananilinda kwa macho kama kibaka. Mama yangu mzazi alikwenda Kilosa kuomba radhi, aliporudi alikaa muda mrefu haongei na mimi. Na wana haki, wote!

Neema amerudi kwa shangazi yake na kozi ameanza. Nasikia anacheza tena magari yake. Salamu zangu hapokei, na mimi simlaumu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia Mwalimu, kwa sababu sijui kama litamponya au litamuua. Siku ile ya kuhamisha rekodi, nilifungua moja kujaribu spika. Bibi alikuwa anaimba, akasahau, akacheka, akaanza upya. Wimbo ule ninao kichwani mpaka leo. Lakini mimi Kisagara sijui. Nabaki na mlio tu, maneno siwezi kumrudishia mtu yeyote.

Ndugu yangu fundi, unayefungua sipiyu za watu huku mwenye nyumba amekwenda jikoni kukuchemshia chai, nakuomba, funga mfuniko na tamaa yako ndani. Hujui umeshika nini! Na wewe mwenye sauti ya mzazi wako mahali pamoja tu, inuka sasa hivi ukaiweke na pengine. Usiniulize mimi kama iko salama.