Siku Niliyojifungua Mbele ya Mama Mkwe

Ukiniona mjini Eldoret navuka barabara mara tu nikikutana na mtu mwenye sare ya nesi, usidhani nina deni la dawa. Nina aibu. Nitakusimulia, lakini ucheke polepole, maana hapa Soy wameshanicheka vya kutosha, na kuna watoto wa shule ambao mpaka leo wakipita kwenye boma ninapokamulia ng'ombe huniuliza mtoto anaendeleaje.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa haya tangu zamani (kanisani nikiombwa kufunga kwa maombi, hutoka nje kana kwamba simu imeita). Shule niliishia darasa la nane, na kuandika naandika, ila polepole, kwa hivyo hata haya unayosoma yamekula Jumapili tatu.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Nekesa alialikwa kwenye semina mjini. Watu wa afya walikuwa wanatunga viwango vya kitaifa vya manesi na wakunga, yaani maandishi ya kusema nesi yeyote, awe wa hospitali kubwa au wa zahanati iliyo mwisho wa barabara ya matope, anatakiwa amhudumie mgonjwa namna gani, na walitaka kusikia pia akina mama waliowahi kuhudumiwa. Lakini Nekesa alikuwa na mimba ya miezi minane, na asubuhi hiyo miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Akaniambia niende mimi, niseme jambo moja tu, kwamba mama akiwa leba aruhusiwe kuwa na mtu wake kando yake. Mtoto wetu wa kwanza alimzaa peke yake, na alikuwa ameapa kwamba kama mambo bado ni yale, huyu wa pili atamzalia nyumbani. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mara ya kwanza alipoteza damu nyingi, na nyumbani kwetu hata tochi ni ya kuomba kwa jirani. Nikaandika maneno yake kwenye karatasi, nikaitia mfuko wa shati, nikaenda.

Semina ilikuwa ghorofa ya pili ya hoteli moja. Asubuhi walitugawa vyumba viwili, na katika chumba chetu kila mtu alikuwa anasimama na kusema yake, na kila zamu yangu ilipokaribia mimi nilikwenda kuongeza chai. Nilikunywa chai nyingi sana. Mpaka chakula cha mchana karatasi ilikuwa bado mfukoni, imeanza kulowa jasho.

Alasiri tukakusanywa wote ukumbini. Mwenyekiti wetu alikuwa Sista Jerono, mkunga wa miaka mingi, mrefu, wa kuongea taratibu kama mtu anayepima dawa. Akasema sasa tutaujaribu ule mswada wa viwango kwa vitendo, tuone kama maandishi yanatembea. "Nataka mtu wa kulala tu hapa kitandani," akasema. "Hakuna kuongea."

Niliposikia hakuna kuongea, mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikawaza nitalala pale, nionekane nami nimeshiriki, halafu mwishoni nitampa Sista karatasi kimyakimya niende zangu. Sikuuliza ninalala kama nani.

Nesi mmoja kijana, Akinyi, akaja na mto, mwanasesere wa mpira na leso. Kufumba na kufumbua nilikuwa na tumbo, mwanasesere ndani yake, na leso imefungwa mgongoni kwa fundo ambalo nadhani hufundishwa chuoni. Ukumbi ukacheka. Nikaomba leso nyingine nijifunike uso. Sista akakubali, akasema hata akina mama wengine huona haya.

Ningenyamaza pale chini yote yangepita. Lakini bwana mmoja wa mstari wa mbele akasema kiwango cha kwanza kinamtaka nesi ajitambulishe na amuulize mama jina lake, sasa mama asipojibu tutajuaje kama kinafanya kazi? (Watu wa viwango hawaruki mstari.) Wakakubaliana mama ajibu. Halafu Sista akasema kuna mstari bado unabishaniwa, ule wa mama kuwa na mtu wake, tuujaribu pia. Nani atakaa naye?

"Mimi nitamshika," ikasema sauti ya mama mmoja kutoka mlangoni, ndiyo kwanza anaingia.

Sauti ile naijua. Ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Yeye anakaa Cheptiret, na kabla ya kuwa mhudumu wa afya wa kijiji ndiye majirani waliyekuwa wakimwita kwenye uzazi. Kumbe naye alialikwa, na tangu asubuhi alikuwa kile chumba kingine. Nekesa alijua tu kwamba mama yake ana mkutano mjini, hakujua ndio huo huo. Sasa elewa kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupita kando. Miaka minne ya ndoa nimeona viatu vyake zaidi kuliko uso wake. Na hapo nimelala chali, magoti juu, tumbo limejaa.

Akaketi, akachukua mkono wangu akaukumbatia kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, niko hapa," akasema. Halafu akawaambia watu kwamba mkono wa mama huyu umefanya kazi ngumu.

Akinyi akajitambulisha vizuri kama ilivyoandikwa, akaniuliza naitwa nani. Nikafinya sauti ikawa nyembamba. Jina la mwanamke lililokuja ni moja tu.

"Nekesa."

"Hata mimi nina wangu Nekesa," mama mkwe akasema, akanipapasa. Nikaulizwa natoka wapi. Nikasema Soy. Kule kupapasa kukapungua kidogo.

Sista akasema uchungu umeanza, mama aonyeshe. Mimi uchungu wa kuzaa ninaoujua ni wa ng'ombe wa tajiri wangu, kwa hivyo nikatoa ule, mrefu, unaoanzia tumboni na kumalizikia puani. Watu wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka, alinisugua mgongo akisema polepole, usisukume bado.

Ndipo Akinyi akaniuliza kuhusu uzazi wa kwanza. Sijui ni ile leso (gizani huoni mtu, unadhani na wewe huonekani), lakini maneno ya Nekesa yakatoka yote bila karatasi. Nikasema niliita, nikaambiwa ningoje. Nikasema nilishikana mkono na mama wa kitanda cha pili, mpaka wakati wake ukafika naye akaniachia. Nikasema mama yangu alikuwa langoni na chupa ya uji, na mume wangu upande wa pili wa lango, wote wawili wamezuiwa, na uji ukapoa.

Mkono wa mama mkwe ukakaza juu ya wangu.

"Nekesa?" akasema, akaifunua leso.

Akaona masharubu.

"Mama," nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe.

Alinitazama, akautazama mkono aliokuwa ameushika, akauweka chini taratibu kama kitu cha moto. "Mkwe wangu," akasema, akavuta kitambaa chake cha kichwa akajifunika uso.

Niliruka. Mwanasesere akachomoka akaanguka kwa kichwa, na manesi wote, nakuambia wote, wakamkimbilia, mmoja anampangusa kwa sweta, mwingine tayari anatazama saa. Hakuna aliyejali mama mzazi anayeshuka ngazi mbili mbili. Nje kwenye barabara nikagundua mto bado uko tumboni na fundo halifunguki. Mtu wa boda boda akaleta pikipiki mpaka miguuni pangu. "Panda kwa upande, mama," akasema, kisha akaniangalia vizuri. "Ama ni baba?"

Kabla sijajibu, dirisha la ghorofa ya pili likafunguliwa, Sista Jerono akatoa kichwa, na kwa sauti ile ile ya kupima dawa akasema, "Ndugu, rudi. Kondo la nyuma bado."

Mpaka wauza mahindi wakageuka.

Nilirudi (ningekwenda wapi na mto?). Mama mkwe alikuwa amehamia mwisho wa ukumbi, amenipa mgongo. Sista alikuwa anausoma ule mstari wa mtu wa kukaa na mama, na bwana wa mbele akauliza, jinsi wodi zilivyojaa, viti vya hao watu vitatoka wapi.

"Mimi sihitaji kiti," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Nitasimama."

Hakuna aliyebisha tena. Mstari ukabaki kwenye mswada, nao wakasema utapelekwa mbele kujadiliwa, lakini Akinyi alipokuwa anafungua fundo lake akaninong'oneza kwamba kwenye zahanati yao hawatangoja karatasi, nimlete mke wangu na mtu wake.

Wiki iliyofuata nilipeleka kuku na blanketi Cheptiret, nikimtanguliza mjomba wangu kama inavyotakiwa, kuiondoa ile aibu ya kushikana mikono. Vikapokelewa. Jibu la mama mkwe likaja kupitia kwa Nekesa: niambiwe nasukuma vibaya, na siku ikifika yeye ataingia ndani, mimi nibaki langoni na chupa ya uji.

Tangu hapo nimeapa kwamba nikisikia tena anatakiwa mtu wa kulala tu bila kuongea, nitasimama niongee. Na siku ilipofika nilikaa langoni kama nilivyoagizwa. Walipoita kwamba ni msichana, uji ulikuwa bado moto.