Kola Arobaini

Msimamizi wetu mpya wa karakana ya ushonaji hapandishi sauti. Hushinda na futi ya kupimia shingoni, na akiulizwa asilolijua husema, "Sijui, nielekeze," kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mimi, niliyekimezea mate cheo hicho miaka tisa, ningekufa kabla ya kutamka hivyo. Jana alikata kola arobaini, zote ndogo kuliko shingo za mashati. Nikasema moyoni, leo ataumbuka. Akazinyanyua mbele ya mafundi wote. "Jamani, hizi nimeziharibu mimi." Kisha akanigeukia. "Dada, tunaziokoaje?" Nilikuwa nimeapa sitamsaidia ng'o. Nikajikuta nimeshafika mezani kwake, mkasi mkononi, wa kwanza kuliko wote.