Safari ya Mombasa Isiyokuwapo

Ndugu yangu alikuwa mshona kofia, na hapa Amu mshono wake ulijulikana kwa mbali. Mgongo ulipomwuma, mzee mmoja wa forodhani alimpa afyuni kidogo, ati ya kutulizia. Mwaka ukapita, mgongo ukapoa, afyuni ikabaki. Alimeza kipande kadiri ya punje ya kunde, asubuhi na alasiri, na asipokipata sindano ilimtetemeka mkononi.

Mwenyewe ndiye aliyetaka kuacha. Alikwenda kwa dresa wa serikali, mganga msaidizi wa hospitali, wakapatana: dresa aishike afyuni yeye, amletee nyumbani kila siku kipande kidogo kuliko cha jana, mpaka iishe. Dresa akaja kuniambia mimi, dada yake mkubwa, nami nikamsikiliza nyuma ya mlango.

"Taratibu, Bi. Ukimkatia ghafula atateseka. Na mwili ukishazoea kuikosa, akirudia kipimo kile cha zamani kitamwua."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini nilichokiona mimi ni dresa na mkoba wake, kila siku ya Mungu, akipita mbele ya wanaume waliokaa madakani, kwenye viti vya mawe vya milangoni. Nyumba yetu ya mawe, nyumba ya watu wa heshima, dresa aingie atoke! Watu wangesema nini? Nikamrudisha. Ndugu yangu nikamtia chumba cha ndani, nikafunga, nikawaambia majirani amesafiri, yuko Mombasa.

Kila asubuhi nilimnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa marashi. Kombe halikuwa na kosa. Hata mwalimu aliyeliandika nilimdanganya, nikasema ni la tumbo langu. Ndugu yangu alitapika, akaharisha, akajikunja mkekani.

"Dada, mwite dresa. Nakuomba, Dada."

"Subiri, mwana wa mama. Itapita."

Siku ya tano dresa akabisha hodi, akauliza kama Bwana yupo.

"Kasafiri," nikasema. "Yuko Mombasa."

Dresa hakuondoka upesi. Kule ndani ndugu yangu alikuwa akilia tangu alfajiri, nami nikasimama pale nikimwomba Mungu asitoe sauti. Hakutoa. Nilipokwenda kumtazama nilikuta ameuma shuka mpaka limetoboka. Alisikia kila neno, akanisitiri. Yaa Rabbi, mgonjwa alinisitiri mimi mzima!

Siku ya kumi aliomba uji, akaunywa ukakaa. Nikafungua mlango nikijiona tabibu. Majirani wakaja kumpa pole ya safari, na mmoja akamtania: "Haya, halua ya Mombasa i wapi? Au umeila ndiani?" Watu wakacheka, naye akacheka, akanitazama.

Maneno ya dresa juu ya kipimo cha zamani sikumwambia. Kumtajia afyuni mtu aliyekwisha pona niliona ni kumtukana. Huo ndio uongo ninaojipa. Kweli ni kwamba, kwangu mimi, jambo lilikuwa limekwisha na hakuna aliyejua.

Haikupita wiki, mgongo ukamrudia. Baada ya sala ya Ijumaa alipitia kwa yule mzee, akameza kipande kile kile alichokizoea, kadiri ya punje ya kunde, akaja kulala. Alasiri nilimpelekea chai. Nilimwita, nikamtikisa, chai ikanimwagikia miguuni.

Matangani wanawake walinizunguka. Mmoja akasema, "Masikini, karudi kutoka Mombasa juzi tu. Huenda alilishwa kitu huko."

"Huenda," nikasema.

Ni miaka mingi sasa. Hata leo, kijana wa mtaani kwetu akiaga kwenda Mombasa, akina mama humwonya kwa kumtaja ndugu yangu, wakanigeukia mimi nishuhudie. Nami huitikia. Ndugu yangu hakupata kukanyaga Mombasa maishani mwake.